Upanga na Mto Msimbazi: Historia ya Kivuli, Nyumba na Haki ya Kukaa

Mtu aingiaye Dar es Salaam kutoka kaskazini, akisha kuvuka Daraja la Selander ambalo wenyeji hulitamka Salenda, hukutana na mambo mawili kabla hajayafikia maduka na makelele ya mjini. Mkono wa kulia huona mikoko iliyosimama ndani ya tope, mahali ambapo Mto Msimbazi unakabidhi maji yake kwa bahari. Mbele yake huona miti mirefu: miarobaini, mikungu, miembe ya zamani, na chini ya miti hiyo nyumba za ua na majengo ya ghorofa tatu nne yaliyofifia rangi. Hapo ndipo Upanga. Jua la saa saba mchana, ambalo Kariakoo huwachoma watu utosini, huku hupita kwenye majani kwanza, likafika chini limekwisha kupoa.

Watu wengi huusifu mtaa huu kwa kivuli chake, na siku hizi wapo wautafutao kwa fedha nyingi ili wapate nyumba hapo. Sisi hatuna ugomvi na sifa hizo. Lakini kivuli nacho kina historia, kama ilivyo na historia nyumba, lugha au vazi. Basi katika makala haya twapenda kuuliza mambo matatu: kivuli hiki kilipatikanaje, kwa nini kilikuwa cha wachache, na mtu anunuaye nyumba hapa leo hununua nini hasa. Majibu yake yanagusa utamaduni wa taifa letu, maana utamaduni si ngoma na mashairi tu. Namna watu wanavyogawana ardhi, maji na hewa safi ni sehemu ya utamaduni wao pia, na pengine ndiyo sehemu isemayo kweli zaidi.

Tuanze na mto, kwa kuwa ulikuwapo kabla ya yote. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka kuelekea kaskazini-mashariki, ukapokea vijito vingine njiani, na mwisho ukafungua bonde pana kati ya Magomeni na Upanga. Bonde hilo ndilo Jangwani. Wakati wa kiangazi mto huwa mwembamba, mtoto aweza kuuruka. Wakati wa masika huikumbuka njia yake yote ya zamani na kuidai. Upanga umekaa juu ya ukingo wa mashariki wa bonde hilo, mahali palipoinuka kidogo. Huko kuinuka kidogo ndiko kulikofanya mambo mengi tutakayoyaeleza.

Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, nchi iliyo kati ya bandari na mto ilikuwa mashamba ya minazi, mihogo na mpunga, na wenyewe walikuwa Washomvi na Wazaramo chini ya majumbe wao. Jina la Tambaza, ambalo leo vijana hulijua kwa sababu ya shule iliyopo Upanga, ni jina la ukoo wa majumbe wa pwani hii. Twalitaja ili msomaji asidhani kwamba mtaa huu ulianza siku ulipopimwa viwanja. Kabla ya kiwanja palikuwa na shamba, na kabla ya hati palikuwa na kaburi la babu, ambalo kwa watu wa pwani lilikuwa ushahidi tosha wa mwenye mahali.

Wajerumani waliingia Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaifanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo. Mwaka huo huo wa 1891 walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika sehemu. Sehemu moja ilitakiwa iwe na nyumba za namna ya Kizungu tu, zenye nafasi na bustani. Sehemu ya pili iliruhusiwa nyumba za mawe na matofali, hata zikibanana. Sehemu ya tatu iliachiwa nyumba za miti na udongo. Mwaka 1895 ikatoka amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani, na aliyetakiwa kuthibitisha umilikaji wake kwa karatasi alikuwa mtu ambaye ushahidi wake ulikuwa mnazi na kaburi.

Hebu tuutazame ujanja uliomo katika kanuni hizo za ujenzi. Hazikusema kwamba Mwafrika asikae penye miti. Zilitaja ukuta, paa na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Lakini mchukuzi wa bandarini angepata wapi fedha za kujenga nyumba ya Kizungu yenye bustani? Ukuta ulisema kile ambacho sheria iliona haya kukisema. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, na kisha kuitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, waliuendeleza mpango huo katika kanuni za miji za miaka ya 1920, wakazipa sehemu hizo nambari: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu wa kawaida hawakuhitaji nambari. Waliziita kwa majina yaliyo wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao katika ramani ulikuwa mpaka wa afya na hewa, na katika maisha ulikuwa mpaka wa watu na watu.

Hivyo miti iliyopandwa mjini haikupandwa kila mahali. Wajerumani walianzisha bustani ya majaribio ya mimea tangu mwaka 1893, na mitaa ya Uzunguni ikapandwa miti ya vivuli mistari kwa mistari. Lilipojengwa Daraja la Selander kuelekea mwaka 1930, likapewa jina la mkurugenzi wa kazi za serikali wa wakati huo, Wazungu walipata njia ya kwenda kukaa Oyster Bay, penye upepo wa bahari na viwanja vikubwa zaidi. Kariakoo, ambako jina lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, nyumba zilibanana hata mti ukakosa pa kusimama. Wakazi wake hawakuwa watu wasiopenda kivuli. Walikuwa watu walioandikiwa jua.

Upanga wenyewe ulibaki kwa muda mrefu ni mashamba na majumba machache. Baada ya vita vya pili mji ulifurika watu. Mpango wa mji wa mwaka 1949, uliotengenezwa na wahandisi wa Kiingereza, haukutumia tena nambari. Ulitumia maneno mapya: sehemu za msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Wenye macho waliona kwamba ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zile zile, zimevaa kanzu nyingine. Upanga ukaangukia kwenye msongamano wa kati, na wengi waliojenga hapo walikuwa Watanganyika wa asili ya Kiasia waliochoka kukaa ghorofani juu ya maduka yao, familia tatu katika vyumba viwili.

Haifai kuyapita mambo hayo upesi, maana yana mafundisho. Jumuiya ya Waismailia ilimpima Aga Khan kwa almasi hapa Dar es Salaam mwaka 1946, alipotimiza miaka 60 ya uimamu. Kutokana na fedha za sherehe hizo kiliundwa chombo cha kukopesha watu ili wajenge nyumba na kufanya biashara. Watu wakajiunga katika vyama vya ushirika wa nyumba, wakalipa kidogo kidogo, na katika miaka ya 1950 majengo yakaota Upanga kama uyoga baada ya mvua. Ukumbi wa Diamond Jubilee ni ukumbusho wa enzi hiyo. Karani wa duka aliyekuwa akilipa kodi maisha yake yote akapata mlango alioweza kuuita wake, na nje ya mlango huo akapanda mkungu au mwarobaini. Kivuli tukionacho leo, kwa sehemu kubwa, kilipandwa na mikono ya watu wa namna hiyo, na kikamwagiliwa maji na watumishi wa nyumbani waliorudi jioni Magomeni na Buguruni kwa miguu. Wote wawili, aliyepanda na aliyemwagilia, wana haki ya kutajwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, swali la ardhi halikungoja. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika tangu mwaka 1958 kwamba ardhi si bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama shati, na kwamba mtu hustahili kulipwa kwa jasho alilolimwaga juu yake. Mwaka 1963 sheria ikafuta umilikaji wa ardhi wa milele, na hati hizo zikageuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99 kutoka kwa serikali; mwaka 1969 nazo zikageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa muda. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwezi Aprili mwaka 1971 ikatoka sheria ya kutwaa majumba. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe alilipangisha lilichukuliwa na serikali, na likawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba aliyokaa mwenyewe iliachwa. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba mwenyewe alikwisha kurudisha gharama zake kwa kodi.

Sheria ile ilipokewa kwa nyimbo na kwa machozi, na mwandishi wa historia hana budi kuvisikia vyote viwili. Wako waliokuwa na majumba kumi, wakaishi kwa jasho la wapangaji. Lakini pia walikuwako wajane na wazee waliokuwa na jengo moja, ghorofa ya chini wakikaa wao na ya juu ikiwapa posho. Wengi wa jamaa zao walifunga masanduku wakaenda Uingereza na Kanada. Katika vyumba walivyoviacha waliingia watumishi wa umma: walimu, wauguzi, makarani wa wizara. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Mgogo, wa Mhaya na wa Mmakonde alilala chini ya miarobaini ya Upanga bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ikazaliwa hapo desturi moja ambayo twaona haijaandikwa vya kutosha. Katika ngazi za majengo hayo watu walifundishana kuishi. Harufu ya dengu ilipanda ghorofani ikakutana na harufu ya dagaa ikishuka. Watoto walicheza kriketi kwa gongo la mnazi asubuhi, na jioni wakacheza mpira wa makaratasi uwanja ule ule. Siku ya Idi sahani zilizunguka milango yote, na siku ya Krismasi zikarudi zimejaa. Tusidai kwamba chuki hazikuwako; zilikuwako, na kodi ya chini nayo ilifanya mapaa yavuje na mabomba yakauke kwa kukosa matengenezo. Lakini watu ambao kanuni za ukoloni ziliwatenga kwa kuta sasa walitenganishwa na ukuta mmoja tu wa chumbani, tena mwembamba.

Tufike sasa kwenye zama zetu. Msajili wa Majumba alifutwa, na mwaka 1990 majumba yake yakakabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu mwaka 1962. Biashara ikafunguliwa, na bei za nyumba zikaanza kupanda kama mpapai. Sheria mpya ya ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilikubali wazi kwamba ardhi ina thamani katika soko, ingawa ilishikilia kwamba ardhi yote ni mali ya umma mikononi mwa Rais. Kisha mwaka 2008 ikaja sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, iliyomwezesha mtu kupata hati ya fleti yake peke yake, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na ua. Tangu hapo Upanga umebadilika sura. Jengo la ghorofa tatu lenye miembe miwili huvunjwa, na mahali pake husimama jengo la ghorofa kumi na tano lisilo na mwembe hata mmoja, na tangazo lake husema kwamba linauzwa kwa sababu mtaa una miti.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengine wamo katika umri wa kutafuta pa kukaa, yafaa tueleze anachonunua mtu. Kwanza, hanunui ardhi. Hununua haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa katika hati: miaka 33, au 66, au 99, kwa masharti na kwa kodi ya ardhi ya kila mwaka. Basi na aulize muda uliobaki, maana hati iliyohesabiwa tangu mwaka 1963 haina tena umri wa ujana. Pili, asiridhike na karatasi aliyoonyeshwa kwenye meza ya chai. Na aende kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi, aone jina la mwenye mali, aone kama nyumba imewekwa rehani benki, aone kama kuna zuio la mahakama. Tatu, na aulize habari za mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Nne, kama ni fleti, na aulize nani hulipia lifti, maji na mlinzi. Ushirika wa ngazini umeandikwa katika sheria, lakini hudumu kwa tabia za watu. Na tano, ambalo ni kubwa kuliko yote na husahauliwa kuliko yote, na aulize mto uko wapi.

Sababu ya swali hilo tumeipata sisi wenyewe kwa miguu. Mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu huanza kukihesabu kiinua mgongo chake kabla hajakishika. Sisi na mwenzetu wa nyumbani tulikihesabu chetu jioni nyingi, na kila hesabu ilitukatalia fleti ya Upanga. Ndipo dalali mmoja, kijana mwenye adabu na simu tatu, akatuambia kwamba kipo kiwanja chini kidogo, upande wa bondeni, penye mwembe mkubwa na hewa ya mto, kwa bei ya nusu ya nusu. Tulikwenda. Mahali palikuwa pazuri kwa hakika. Ndege walilia, mto ulipita mwembamba chini kama uzi wa fedha, na upepo ulitoka baharini moja kwa moja. Kijana alisema, "Mzee, maji hayafiki hapa. Hapa ni salama kabisa."

Kulikuwa na mama mmoja akikata mchicha katika matuta yaliyo ukingoni. Tulimwamkia, tukamuuliza habari za masika. Hakujibu kwa maneno mara moja. Alifuta kisu chake kwenye khanga, akauendea mwembe, akanyosha mkono juu ya kichwa chake hata akasimama kwa ncha za vidole, akaligusa gome. Palikuwa na mstari wa rangi ya tope, ulionyooka kama uliochorwa na fundi. "Mwaka ule," alisema, "yalifika hapa, baba. Mwenye nyumba hii alikuwa juu ya paa siku mbili." Kijana wa dalali akatazama simu yake. Tulimshukuru mama, tukanunua mafungu mawili ya mchicha, tukarudi nyumbani kwa basi bila kusema neno. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Siku ile ilikaribia kutuvunjia uzee.

Mwaka alioutaja mama yule ni 2011. Mwezi wa Desemba mwaka huo mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Msimbazi ukatoka kitandani mwake, na watu zaidi ya 40 wakafa mjini. Familia zilizonusurika zilipewa viwanja Mabwepande, kaskazini ya jiji, mbali na kazi na soko, na baadhi yao walirudi bondeni. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za bondeni zilibomolewa, na nyingine zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, alama ambayo mtoto wa Jangwani huijua kabla hajaijua herufi yenyewe darasani. Mafuriko yalirudi mwaka 2018. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa serikali wa bonde hili, wenye daraja refu la Jangwani, fidia kwa wenye nyumba, na bustani kubwa ya mji mahali ambapo maji yataachiwa nafasi yao.

Mtu aweza kuuliza: walifuata nini bondeni, ilhali sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na ramani za mipango ya mji zililijua bonde hilo tangu zamani kuwa ni mahali pa maji? Jibu limo katika historia tuliyokwisha kuisimulia. Mji ulipogawanywa, palipoinuka na penye miti palichukuliwa na wenye uwezo. Palipo tambarare palibanwa mpaka pakajaa. Waliokuja baadaye, vijakazi, wapagazi, wachuuzi, wauza mkaa, waliachiwa mahali ambapo hakuna aliyepataka: kitanda cha mto. Walipafuata kwa sababu ni karibu na kazi, na kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kufagia, kupika na kufua katika nyumba za Upanga, juu kidogo tu. Maji ya karo ya walio juu nayo huteremka huko huko, na kila ua wa Upanga unaofunikwa kwa saruji hupeleka mvua yake bondeni kwa haraka zaidi kuliko ulivyofanya ulipokuwa na udongo na mizizi.

Jambo la ajabu ni kwamba taifa zima hulitaja bonde hili kwa mapenzi kila wiki bila kulitazama. Klabu zetu mbili kubwa za mpira zimezaliwa hapa jirani. Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi kwa sababu ya mtaa wao wa Kariakoo uliobeba jina la mto. Yanga huitwa watoto wa Jangwani, na makao yao yamo pale pale ukingoni, ambako mafuriko yamewatembelea mara nyingi kuliko vikombe vya Afrika. Viwanja vya Jangwani vimekusanya umati wa mikutano ya siasa, na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alisali misa hapo. Tunaliimba bonde, tunalishangilia, tunaapa kwa jina lake; kisha twatupa taka ndani yake.

Tumesema hayo si kwa kumkataza mtu asinunue nyumba Upanga. Anayeweza na anunue, na Mungu amjalie afya ya kukaa humo. Wala hatutamani kuurudisha mji katika enzi ya kodi ndogo na mapaa yanayovuja. Shauri letu ni dogo: kwamba anayenunua kivuli ajue amenunua pia deni. Mti alioukuta ulipandwa na mtu asiyemjua, ukamwagiliwa na mtu asiyeruhusiwa kukaa chini yake. Akiukata ili apate mahali pa kuegesha gari la pili, amekata zaidi ya mti. Na kuta za nyakati zetu zichunguzwe kama tulivyozichunguza za mwaka 1891. Bei nayo haitaji rangi wala kabila, kama kanuni za Wajerumani zisivyotaja. Lakini itakapomaliza kazi yake, tutazame nani amebaki kivulini na nani amesukumwa bondeni.

Kwa kuwa kazi yetu nyingine ni utunzi, tuliwahi kuyafunga mawazo haya katika ubeti mmoja, usiku ule tuliotoka kukitazama kiwanja cha mwembe:

Mto haununuliwi, hauna bei sokoni,
Kivuli hakigawiwi, kwa rangi wala thamani,
Maji hayazuiliwi, kwa hati ya mkononi,
Mto haughilibiwi, wajua njia ya pwani.

Mwenzetu wa nyumbani alipousikia alisema kwamba mshororo wa pili si kweli, kwa kuwa kivuli kiligawiwa, na kingali kinagawiwa. Tulifikiri sana juu ya kuubadilisha. Mwisho tuliuacha ulivyo, kwa sababu mistari mingine mitatu yaeleza mambo yalivyo, na shairi lahitaji walau mshororo mmoja ueleze mambo yanavyostahili kuwa. Kiinua mgongo chetu tumekipeleka kwingine, kwenye kiwanja kidogo kilichoinuka, mbali na bahari na mbali na Msimbazi, kisicho na mti wowote. Tumepanda miarobaini minne. Hatutarajii kukaa chini yake kwa miaka mingi, lakini watoto wa jirani wamekwisha kuuliza ni mti gani ule wenye kamba, na lini utakuwa na kivuli.